Tone la Maji ni Tone la Mafuta

Bei ya fungu la mchicha haitokani na jasho la mkulima peke yake. Ndani yake mna petroli iliyovuta maji kisimani, mna mbolea iliyotengenezwa kiwandani, na mna dizeli ya gari lililoleta mboga mjini. Gharama hizo zote humwangukia mwenye kikapu. Kwa hiyo matumizi mazuri ya nishati shambani si suala la wataalamu tu. Yanaihusu kila familia inayonunua mboga, na zaidi ile inayolima bustani yake uani au bondeni.

Tuanze na maji, kwani maji ni mazito. Lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, zina uzito wa kilo 1,000. Kwa hesabu tupu, nguvu iliyomo katika lita 1 ya petroli ingeweza kupandisha mzigo huo mita 10, tena mara 300. Lakini mkulima hapati kiasi hicho hata siku moja. Injini ndogo, hata ikiwa nzima, hugeuza robo tu ya nguvu hiyo kuwa kazi, na mara nyingi chini ya hapo. Inayosalia hupotea kama joto. Kisha pampu nayo hupoteza yake, na mpira wa maji hupoteza yake.

Upotevu huo una dawa. Kwanza, pampu iwekwe karibu na maji, kwa sababu pampu ya kunyonya hulemewa kina kinapokaribia mita 7. Pili, mpira usiwe mwembamba kupita kiasi. Ukiongeza upana wake mara mbili, huku maji yakipita kwa kiasi kilekile, msuguano hupungua karibu mara 30. Tatu, plagi na chujio la hewa visafishwe, na mipira inayovuja izibwe.

Hata hivyo, maji yaliyo nafuu kuliko yote ni yale ambayo hayakuhitaji kuvutwa. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta, nawe utauzuia unyevu usinyonywe na jua. Mwagilia alfajiri au jioni, si saa sita mchana. Mwenye uwezo na atumie mipira ya matone, inayopeleka maji kwenye shina badala ya kunywesha njia na magugu. Shauri hili linamfaa pia mwenye pampu ya umeme wa jua: akihitaji maji machache, atanunua paneli chache.

Wazee wetu hawakuwa wageni katika jambo hili. Huko Kilimanjaro, Wachagga walichimba mifongo kabla ya utawala wa Wajerumani, wakayaongoza maji ya mito ya mlimani hadi katika migomba yao. Mfongo hauna injini. Nguvu yake ni mteremko. Lakini haukuwa wa bure: kila aliyenywesha shamba alipaswa kushiriki kuusafisha, na maji yaligawanywa kwa zamu. Nishati iliokolewa kwa maarifa na kwa ushirikiano.

Iko pia mbolea. Tangu mwaka 1913, kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilipoanza kutoa amonia kwa kutumia naitrojeni ya hewani, dunia imepata mbolea nyingi, lakini kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na leo kwa gesi asilia nyingi. Kunde na maharage huifanya kazi ya namna hiyo kimyakimya, kwa msaada wa bakteria waliomo katika vifundo vya mizizi. Basi panda kunde pale ulipovuna mchicha, na maganda ya jikoni yageuze kuwa mboji.

Kabla ya kukopa fedha za pampu kubwa zaidi, ndugu msomaji, kagua kwanza mpira, tuta na saa ya kumwagilia. Huenda nguvu unayoitafuta dukani inavuja katika bustani yako mwenyewe.