Je, Wajua? RNA Mbili Ndogo Ndani ya Saratani ya Taya

Taya la mtoto linavimba, meno yanalegea, na mzazi anadhani ni jino bovu. Kumbe huenda ni saratani ya Burkitt, ambayo seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Ni saratani chache sana za binadamu zinazokua kwa kasi hiyo.

Jina lake linatokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuieleza saratani hii mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kilomita 16,000 hivi kuelekea kusini mwa Afrika, wakipita hospitali baada ya hospitali kuulizia ugonjwa huo. Waligundua kwamba upo penye joto na mvua ya kutosha, na ni nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi. Pwani ya Bagamoyo, Tanzania, imo ndani ya ukanda huo, ambao pia ni ukanda wa malaria.

Mwaka 1964, sampuli za saratani hiyo zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London ziliwawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kuona ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo, na wengi hawapati saratani kamwe. Basi kwa nini watoto wachache wanaipata?

Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye RNA. DNA ni kama daftari kuu la maagizo lisilotoka ofisini. RNA ni nakala inayopelekwa kwa mafundi. Jeni iitwayo MYC huiamuru seli igawanyike, na katika seli yenye afya nakala zake hazidumu: nusu yake huvunjwa ndani ya nusu saa hivi.

Malaria ya mara kwa mara huvuruga utaratibu huo. Huzichokoza seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zikate na kuunga DNA yao tena na tena. Ikitokea kosa, kipande cha kromosomu 8 chenye MYC huungwa kwenye kromosomu 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo katika seli hizo hunakiliwa kwa wingi mno. MYC nayo hunakiliwa bila kukoma, na seli hugawanyika usiku na mchana.

Kwa kawaida seli iliyochochewa hivyo hujiua. Hapo virusi huleta RNA zao mbili: EBER1 yenye herufi 167 na EBER2 yenye herufi 172. Hazitengenezi protini hata moja, lakini seli moja inaweza kuwa na nakala zake zinazofika milioni, na majaribio ya maabara yanaonyesha kuwa huisaidia seli kukwepa kifo. Wingi huo unawafaa pia madaktari. Kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kipimo kinachonasa EBER, na chini ya hadubini viini vya seli zenye virusi hukolea rangi.

Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa North Mara, Tanzania, walipewa klorokwini kuzuia malaria. Saratani ya Burkitt ilipungua, ingawa ilikuwa imeanza kupungua kabla ya mradi, hivyo ushahidi haukukamilika. Siku hizi kuna silaha nyingine. Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la Bagamoyo, ilishiriki majaribio makubwa ya chanjo za malaria RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023. Kila malaria inayozuiwa humpunguzia mtoto uchokozi wa seli B.

Saratani hii hutibika vizuri kwa dawa ikiwahiwa, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ina wodi ya saratani za watoto. Mzazi, ukiona taya au tumbo la mwanao limevimba na uvimbe unakua kila siku, usingojee dawa ya jino ifanye kazi. Mpeleke hospitali leo, na umlaze kwenye chandarua kila usiku.