Maana ya Neno Mbele ya Mahakama: Mifano Mitatu ya Marekani

Sheria huandikwa kwa maneno ya kawaida, na mara nyingine kesi nzima hutegemea maana ya neno moja tu. Mahakama ya Juu ya Marekani imeamua kesi nyingi za namna hiyo. Tatu kati yake zafaa kuangaliwa na watunga kamusi, kwa kuwa zaonyesha kamusi yaweza kumsaidia jaji kwa kiasi gani, na wapi msaada wake hukoma.

Ya kwanza ni Nix dhidi ya Hedden, ya mwaka 1893. Sheria ya ushuru ya mwaka 1883 ilitoza asilimia 10 juu ya mboga zilizotoka nchi za nje, bali matunda yaliingia bure. Walioleta nyanya New York walidai warudishiwe ushuru wao, kwa hoja kwamba nyanya ni tunda. Kamusi zikasomwa mbele ya mahakama. Majaji walikubali kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda. Lakini katika usemi wa watu, walisema, ni mboga, kwa sababu huliwa pamoja na chakula chenyewe wala si baada yake. Kamusi, kwa maoni yao, si ushahidi. Humkumbusha jaji tu.

Ya pili ni ya McBoyle, iliyoamuliwa mwaka 1931. Sheria ya mwaka 1919 ilimwadhibu mtu aliyevusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine. Ilitaja motokaa, lori na pikipiki, kisha ikaongeza kila chombo kingine kijiendeshacho kisichokwenda juu ya reli. Mshitakiwa alikuwa amehukumiwa kwa kusafirisha ndege, yaani eropleni, iliyoibwa. Jaji Holmes alikiri kwamba neno lile laweza kunyoshwa hata liifikie ndege. Lakini maneno yote yaliyo jirani nalo yalihusu vyombo vya nchi kavu. Tena, ni haki mtu aonywe kwa lugha inayoeleweka na watu wote. Hukumu ikatanguliwa.

Ya tatu, ya Smith, ya mwaka 1993, ndiyo nzito kuliko zote. Sheria iliongeza kifungo kwa yeyote atumiaye bunduki katika biashara ya dawa za kulevya, na kwa bombomu kifungo hicho kilikuwa miaka 30. Mshitakiwa hakumtisha mtu wala kufyatua risasi. Alitaka kubadilishana silaha yake kwa kokeni. Je, aliitumia? Majaji sita, wakitegemea kamusi pia, walisema ndiyo. Watatu walipinga: Jaji Scalia alieleza kwamba kutumia chombo, katika usemi wa kawaida, ni kukitumia kwa kazi yake. Mwaka 2007, katika kesi ya Watson, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba anayepokea bunduki kama malipo ya dawa haitumii. Basi, katika mapatano yale yale, atoaye ameitumia na apokeaye hakuitumia.

Kamusi huorodhesha maana zote ambazo neno laweza kuwa nazo; haiamui ni ipi iliyokusudiwa mahali fulani. Hilo huamuliwa na maneno jirani na mazoea ya wasemaji. Jambo hili lawahusu pia wataalamu wa Kiswahili, hasa tangu mwaka 2021, Tanzania ilipokifanya Kiswahili kwa sheria kuwa lugha ya sheria na mahakama. Iwapo sheria ile ya mwaka 1919 ingetafsiriwa kwa neno "gari," ndege isingeingia. Kwa neno "chombo," ambalo Waswahili hulitumia kwa jahazi na hata kwa ndege, yamkini ingeingia. Katika uchaguzi huo wa neno moja, mfasiri angekuwa ameamua kesi kabla ya jaji.