Gemu Ikijifunga Ghafla, Kadi ya Grafiki Si Lazima Iwe Ndiyo Mbovu

Skrini inakuwa nyeusi katikati ya gemu, sauti inakwama, kisha mchezaji anajikuta amerudishwa kwenye Windows na kuambiwa kwamba draiva ya kadi ya grafiki imeacha kuitikia. Wengi huamini papo hapo kwamba kadi imeungua na kuanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Wasubiri kwanza, kwani mara nyingi kadi hubeba lawama za kifaa kingine.

Tangu toleo la Vista, Windows huisimamia kadi ya grafiki kwa saa. Kadi ikipewa kazi na sekunde 2 zikapita bila kuitikia, mfumo huianzisha upya pamoja na draiva yake ili kompyuta nzima isigande. Kompyuta huokoka, lakini gemu nyingi hushindwa kuendelea na kujifunga. Kwa hiyo ujumbe ule ni kama homa: unathibitisha kwamba kuna ugonjwa bila kusema ni upi.

Yaliyowapata wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 yanaonyesha jinsi dalili inavyoweza kupotosha. Gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine zilijifunga zikidai kumbukumbu ya video imekwisha, hata kwa watu wenye kadi za GB 24. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zenyewe zilikuwa zikipokea volteji kubwa kupita kiasi. Ilitoa rekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka 2, ikieleza kwamba prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi kwa rekebisho hilo. Aliyebadilisha kadi alikuwa amepoteza fedha zake.

Zipo pia nyakati ambazo kadi ndiyo mbovu. Julai 2021, wakati wa majaribio ya gemu ya New World, baadhi ya kadi za RTX 3090 ziliharibika kabisa. Kampuni ya EVGA ilieleza kuwa kadi zake chache zilikuwa na kasoro ya kulehemu. Amazon, wenye gemu hiyo, waliweka kikomo cha fremu kwenye menyu.

Uchunguzi uanze na yasiyogharimu kitu. Kama kadi, prosesa au kumbukumbu imeongezewa kasi, irudishe kwenye kasi ya kiwandani. Kisha fungua Event Viewer ya Windows uone kilichoandikwa dakika ile gemu ilipojifunga. Kama tatizo lilianza baada ya kusasisha draiva, rudi kwenye toleo la awali. Vinginevyo, futa kabisa draiva ya zamani kwa programu ya DDU ukiwa katika hali salama, kisha weka mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu.

Hatua inayofuata ni joto. Acha programu ya HWiNFO au GPU-Z irekodi joto wakati unacheza. Kadi nyingi za Nvidia huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi joto 83. Katika miji yenye joto na vumbi kama Dar es Salaam na Mombasa, feni na mapezi ya kadi yahitaji kusafishwa mara kwa mara, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Halafu umeme. Kompyuta ikijizima yote au kujiwasha upya wakati gemu inapokuwa nzito, ishuku pawa saplai. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75, na waya wa pini 8 wati 150. RTX 3090 yahitaji takriban wati 350, na kwa muda mfupi sana huvuta zaidi ya hapo. Pawa saplai dhaifu au iliyochoka hushindwa hapo hapo, hata kama kompyuta inatulia ukiandika barua au kutazama filamu.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha cheza gemu ile ile kwa muda ule ule. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hata tatizo likiisha hutajua lilikuwa wapi, na likirudi utaanza upya. Mwisho, omba kompyuta ya rafiki uijaribu kadi humo. Gemu ikijifunga huko nako, kadi ikiwa na draiva safi, joto la kawaida na umeme wa kutosha, basi una ushahidi wa kumpelekea muuzaji na kudai dhamana yako.