Mlinzi wa Mambo Yasiyotokea: Kazi ya Mkuu wa Vihatarishi na Uhakikisho Serikalini

Katika kila wizara wamo watumishi ambao matunda ya kazi yao huonekana kwa macho: mhandisi hujulikana kwa daraja alilolijenga, mganga kwa wagonjwa waliopona mikononi mwake, na mhasibu kwa vitabu vyake vilivyofungwa mwisho wa mwaka bila ya upungufu. Lakini yumo mtumishi mwingine wa daraja la juu ambaye sehemu kubwa ya matunda ya kazi yake ni mambo yasiyotokea, yaani fedha ambayo haikupotea, jengo ambalo halikuporomoka, mkataba ambao haukuvunjika, na shauri ambalo halikufika mahakamani. Na kwa kuwa wanadamu hawana desturi ya kushukuru kwa msiba usiowafika, mtumishi huyu aghalabu hasifiwi, na hata wenzake wa chumba cha pili hawajui sawasawa afanyalo. Huyo ndiye mkuu wa usimamizi wa vihatarishi na uhakikisho, na nia yangu katika makala haya ni kumweleza msomaji kazi hiyo hufanywaje, na kwa nini serikali inayoipuuza hujitafutia hasara kwa hiari yake.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja iliyoenea, nayo ni kwamba mkuu huyu ndiye mwenye kuzuia hasara zote, na kwamba hasara ikitokea yeye ndiye wa kulaumiwa. Sivyo. Kihatarishi cha ujenzi, yaani jambo linaloweza kuleta hasara katika ujenzi, ni cha mkurugenzi wa ujenzi, cha ununuzi ni cha mkuu wa kitengo cha ununuzi, na mzigo wa wizara nzima umo mabegani mwa Katibu Mkuu, ambaye kwa mujibu wa sheria ndiye Afisa Masuuli, mwenye kujibu mbele ya Bunge kwa fedha yote ya fungu lake. Kazi ya mkuu wa vihatarishi ni kuona kwamba kila jambo linaloweza kuharibika lina mwenyewe anayejulikana kwa cheo, kwamba mwenyewe huyo ameweka kinga, kwamba kinga hiyo inafanya kazi kwa ushahidi wala si kwa maneno, na kwamba habari zake, ziwe njema au mbaya, zinamfikia Katibu Mkuu wakati ambapo bado iko nafasi ya kutenda. Hiyo sehemu ya ushahidi ndiyo iitwayo uhakikisho, na bila ya hiyo, usimamizi wa vihatarishi hubaki kuwa orodha ya khofu zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Sheria za nchi zetu zimekwisha kuitambua haja hii. Nchini Tanzania, Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2010, ikaundwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali chini ya Wizara ya Fedha. Na mwaka 2012 Hazina ikatoa mwongozo unaozitaka taasisi za umma ziwe na utaratibu wa kusimamia vihatarishi vyao. Kenya nayo ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma mwaka 2012, na kanuni zake za mwaka 2015 zikamtwika afisa mhasibu wa kila taasisi wajibu wa kuweka mikakati ya kukabili vihatarishi, pamoja na njia za kuzuia udanganyifu.

Huenda msomaji akauliza: haya yana haja gani, ilhali yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliyewekwa na ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania, ambaye hutoa hati safi kwa anayestahili na hati mbaya kwa anayestahili? Jawabu limo katika kalenda. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na ripoti ya Mdhibiti hukabidhiwa kwa Rais ifikapo tarehe 31 Machi, miezi tisa baadaye, kisha ndipo ifike Bungeni. Kwa hiyo malipo yaliyofanywa vibaya mwezi Julai, mwanzoni mwa mwaka huo, huenda yakatajwa hadharani baada ya miezi ishirini kupita, wakati mkandarasi ameshahama, afisa aliyeidhinisha ameshastaafu, na fedha imeshaliwa. Jicho la Mdhibiti ni la lazima, maana hakuna hesabu bila ya mwenye kuhesabiwa. Lakini ni jicho linalotazama nyuma, na serikali inahitaji pia jicho linalotazama mbele.

Wataalamu wa fani hii wameyapanga majukumu hayo katika safu tatu, na taasisi ya kimataifa ya wakaguzi wa ndani, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1941, iliueleza mpango huo mwaka 2013 na kuufanyia mapitio mwaka 2020. Safu ya kwanza ni ya watendaji wenyewe, wale wanaonunua, wanaojenga, wanaolipa na wanaohudumia wananchi. Safu ya pili ni ya wale wanaowawekea watendaji utaratibu, wakawashauri na kuwahoji, na humo ndimo alimo mkuu wa vihatarishi. Safu ya tatu ni ya mkaguzi wa ndani, ambaye husimama kando ya wote akapima kwa uhuru kama safu mbili za kwanza zinafanya kazi. Mahali pengine vyeo vya safu ya pili na ya tatu hukabidhiwa mtu mmoja kwa sababu ya uchache wa watumishi. Ikibidi kufanya hivyo, ni lazima iandikwe bayana ni nani mwingine atakayekagua kazi ambayo mtu huyo ameshiriki kuipanga, kwani haifai mtu kuwa mpishi na akawa pia shahidi wa utamu wa chakula chake.

Chombo kikuu cha mkuu wa vihatarishi ni rejista ya vihatarishi, na hapa ndipo penye tofauti kati ya kazi ya kweli na kazi ya kujaza karatasi. Nimeona katika rejista nyingi mstari usemao, "uhaba wa fedha," na pembeni yake, katika nafasi ya kinga, maneno "kuomba fedha zaidi." Mstari huo hausemi kitu. Natuchukue badala yake mfano wa wizara inayojenga hospitali, ambayo imempa mkandarasi malipo ya awali, naye akaleta dhamana ya benki kwamba asipoifanya kazi benki itairejesha fedha hiyo. Dhamana hiyo ni karatasi moja iliyofungiwa katika kasha la mhasibu, na chini yake imeandikwa tarehe ya kwisha. Mvua zikanyesha, vifaa vikachelewa bandarini, mkandarasi akaomba kuongezewa muda na akapewa. Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba muda wa mkataba ukisogezwa, muda wa dhamana hausogei wenyewe. Siku dhamana inapokwisha, hakuna kengele inayolia wala barua inayokuja, na tangu siku hiyo fedha ya umma iko mikononi mwa mtu bila ya kinga.

Mkuu wa vihatarishi aliyehitimu huuandika mstari huo hivi: sababu ni kuongeza muda wa mkataba bila ya kuongeza muda wa dhamana; tukio ni dhamana kwisha kabla ya malipo ya awali kurejeshwa; athari ni wizara kukosa pa kudai mkandarasi akiacha kazi. Kisha huuliza maswali matatu: nani anayo dhamana ya asili, itakwisha lini, na je, benki yenyewe imethibitisha kwa maandishi kwamba imeitoa? Uwezekano wa tukio hupimwa kwa alama moja hadi tano, na athari vivyo hivyo, zikazidishwa. Ukipata nne mara tano, hiyo ni ishirini kati ya ishirini na tano, nayo hutiwa rangi nyekundu. Kinga ni agizo kwamba hakuna barua ya kuongeza muda itakayotiwa saini bila ya kuambatana na dhamana iliyohuishwa. Hapo uwezekano hushuka, lakini athari haishuki mara moja, ila hupungua kidogo kidogo kadiri malipo ya awali yanavyokatwa katika kila hati ya malipo ya mkandarasi. Na uhakikisho ni kwenda kulifungua kasha, kuitoa ile karatasi, na kuisoma tarehe kwa macho, wala si kupokea jibu la simu kwamba mambo yako sawa.

Sasa nitatoa mfano mkubwa zaidi, ambao umechunguzwa na kuandikwa hadharani kwa ukamilifu kuliko mingi, nao umetoka katika Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza. Mwaka 2012 wizara hiyo ilishindanisha kampuni kwa ajili ya kuendesha treni za njia ya magharibi, itokayo London kwenda Birmingham, Manchester, Liverpool na Glasgow. Tarehe 15 Agosti ilitangazwa kwamba FirstGroup imeshinda, na Virgin, iliyoiendesha njia hiyo tangu mwaka 1997, ikaenda mahakamani kulalamika. Wizara ilijitetea kwa uthabiti kwa majuma kadhaa; lakini tarehe 3 Oktoba Waziri Patrick McLoughlin akaufuta mchakato mzima, kwa kuwa wakati wa kuandaa utetezi yalibainika makosa ambayo hayakuweza kutetewa. Kamati ya Bunge la Uingereza ya Hesabu za Umma ilisema kwamba hasara kwa walipa kodi haipungui pauni milioni 50, na sehemu kubwa yake ilikuwa ni kuwarudishia washindani gharama zao.

Kosa lenyewe lilikuwa la hesabu. Kampuni mama ya mshindi ilitakiwa kuahidi mkopo maalumu wa kuiokoa kampuni ya treni iwapo mapato yangepungua, na kiasi cha mkopo huo kilikokotolewa kwa chombo kilichotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa. Chombo hicho kilitoa takwimu zisizotiwa mfumuko wa bei, nazo zikatumiwa kana kwamba umekwisha kutiwa, hata kiasi cha mkopo kikawa pungufu kwa takriban nusu. Juu ya hilo, washindani hawakuelezwa wazi jinsi kiasi hicho kitakavyopatikana, na kamati ya wizara ikatumia hiari yake kukibadili kwa namna isiyokuwa sawa kwa wote.

Lakini uchunguzi wa mkasa huo ulioongozwa na Sam Laidlaw, uliotolewa Desemba 2012, haukuishia kwenye hesabu, na hapa ndipo somo lilipo. Ulikuta kwamba hapakuwa na afisa mmoja wa juu aliyeushika mchakato ule tangu mwanzo hata mwisho. Kwamba wizara ilikuwa imepunguza watumishi na kupangwa upya, ikapoteza wazoefu. Kwamba ukaguzi wa ubora haukufanywa ipasavyo. Na kwamba dalili za mapema kuwa mambo yanakwenda kombo zilikuwapo, zikafahamika kwa baadhi ya watendaji, lakini hazikupanda kwa ukamilifu hadi kwa wenye kuamua. Watu wa chini walikuwa na shaka, watu wa juu walikuwa na yakini, na kati yao hapakuwa na njia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na wizara huyaficha maradhi yake si mara zote kwa khiana, bali mara nyingi kwa adabu iliyokosewa, pale mdogo anapoona haya kumpelekea mkubwa habari chungu.

Baada ya fedheha hiyo, Nicholas Macpherson, Katibu Mkuu wa Hazina ya Uingereza, alitoa mapitio mwezi Machi 2013 juu ya vielelezo vya hesabu ambavyo serikali huvitegemea katika maamuzi yake makubwa, akapendekeza kwamba kila kielelezo cha namna hiyo kiwe na afisa wa juu anayewajibika kwacho. Ni neno jepesi kulisema, na limegharimu mamilioni kulijua: kila jambo zito liwe na mwenyewe, na mwenyewe huyo ajulikane kabla ya siku ya msiba.

Kutokana na hayo, sifa za mtu anayefaa kwa cheo hiki zinadhihirika. Yampasa awe na ilimu ya fedha na ya sheria, lakini zaidi ya hizo awe na moyo wa kustahimili kuwa mtu anayeuliza swali wakati wengine wote wamekwisha kukubaliana. Yampasa kutambua rejista iliyopakwa rangi, ambayo kihatarishi kilichokuwa chekundu mwezi Mei kimekuwa cha kijani mwezi Juni bila ya kinga hata moja kubadilika, ila kwa sababu kikao cha Kamati ya Ukaguzi kimekaribia. Yampasa pia kujizuia na kosa la upande wa pili, la kuogofya kila kitu hata wizara ikashindwa kutenda. Kwani serikali isiyothubutu haijengi shule wala haichimbi kisima, na kutotenda nako ni kihatarishi kinachowaumiza maskini kwanza. Ndiyo maana wizara hupaswa kutamka mapema ni kiasi gani cha hatari iko tayari kukichukua katika kila jambo: katika kujaribu mbegu mpya yaweza kustahimili kushindwa, katika usalama wa damu hospitalini haiwezi kustahimili hata kidogo.

Nasaha yangu kwa wenye mamlaka ya kuteua ni hii: mtu huyu apewe daraja la kutosha ili asikilizwe, apewe mlango wa kumfikia Katibu Mkuu bila ya kupitia kwa wale anaowahoji, na aitwe kabla ya mkataba kutiwa saini, si baada ya hoja za ukaguzi kuandikwa. Asihamishwe kwa sababu amesema lisilopendeza, kwani atakayemfuata atajifunza kunyamaza. Na kwako mwananchi, ripoti ya Mdhibiti itakapotoka tena na ukasoma habari ya mradi uliopotea, usiishie kuuliza nani amekula. Uliza pia kama jambo hilo lilikuwamo katika rejista ya vihatarishi ya wizara husika, nani alikuwa mwenyewe, na Katibu Mkuu aliambiwa lini. Mwombe mbunge wako aulize hivyo hivyo, maana maswali hayo yakizoeleka Bungeni, wizara zitaanza kuyatayarishia majibu mapema.