Je, Tuzungushie Kinamasi Waya?



Mwezi uliopita kikundi kimoja cha upande wa Bomet kiliniita mkutanoni. Pesa za maziwa zimekusanyika kidogo, na wanachama wamegawanyika. Wengine wanataka kuzungushia kinamasi chao waya ili kong'ony, yule korongo mwenye taji, atage kwa amani na wageni walipe kiingilio kumwona. Wengine wanasema huko ni kutupa pesa majini. Kijana mmoja alikuwa amesikia kwamba New Zealand wanafanya hivyo na watu wanapanga foleni. Mzee mmoja akanigeukia: "Mama, wewe unatembea vikundi vingi. Tununue waya ama tusinunue?"

Yule kijana alisema kweli. Katika mji wa Wellington kuna hifadhi inayoitwa Zealandia, hekta 225, mahali palipokuwa mabwawa ya maji ya mji. Mwaka 1999 walimaliza kuizungushia ua wa kilomita 8.6. Si seng'enge ya ng'ombe hiyo! Ni wavu wenye matundu madogo sana, urefu wake zaidi ya mita mbili. Juu umefunikwa bati lililopinda ili paka asikwee, na chini wavu umeingizwa ardhini ili mnyama asichimbe. Mgeni akifika mlangoni anaangalia mkoba wake, asije akaingia na panya. Hata hivyo vipanya vidogo bado vinapenya.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Nchi ile, kabla ya watu kufika, haikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha isipokuwa popo. Ndege wao, kama kiwi asiyeruka, hawakujifunza kumwogopa panya, paka wala kicheche. Watu walipowaleta wanyama hao, ndege waliliwa mpaka aina nyingine zikaisha kabisa. Kwa hiyo ua ule unamzuia adui wa kigeni.

Hapa kwetu kong'ony amekua pamoja na mondo, nguchiro na mbweha tangu zamani. Anajua la kufanya. Anajenga kiota katikati ya maji na nyasi ndefu, anataga mayai mawili au matatu, mume na mke wanaatamia kwa zamu karibu mwezi mzima. Usiku wasio na kiota wanalala juu ya miti. Na bado wanapungua. Tangu mwaka 2012 kong'ony amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Wanaommaliza ni sisi. Tunachimba mitaro kukausha kinamasi tupande sukuma na nepia, tunapanda bulugamu ukingoni zinakunywa maji yote, vijana wanaokota mayai, na kuna wanaokamata makinda wakauze. Wazee wa koo ambazo kong'ony ni ndege wao wanalijua jambo hili na linawauma.

Tena waya wenyewe una hatari. Vifaranga hawakai kiotani. Wanatembea na wazazi malishoni kutafuta wadudu, na inachukua miezi miwili au zaidi kabla hawajaruka. Ukiweka wavu umewafungia nje ya chakula. Ukiweka seng'enge, mbwa anapita chini yake bila shida, na korongo akiruka alfajiri anaweza kuigonga. Ua mrefu wa umeme wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliomalizika mwaka 2009, kazi yake kubwa ni kuzuia ndovu wasiingie mashambani. Hiyo ni shida nyingine kabisa.

Niliwashauri kwanza wachague watu wachache waende Saiwa, karibu na Kitale. Ni hifadhi ya taifa ndogo, kama kilomita tatu za mraba tu, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini. Huendi kwa gari. Unatembea kwa miguu, unapanda jukwaa mtini, unanyamaza. Mwaka jana nilienda huko na akina mama wa kikundi kingine. Tulifika mapema, na kong'ony tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mama mmoja aliyekuwa analalamika nauli tangu Kericho alikuwa wa mwisho kushuka jukwaani. Lakini aangalie pia mashamba yanayokaribia kinamasi kila upande, na udongo na mbolea zinazoteremka na mvua. Hayo ndiyo ya kujifunza. Kiingilio kinalipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo nendeni na mtu mwenye simu nzuri.

Kule Bomet wamekubali kuacha waya. Pesa zitanunua miche ya miti ya asili ya kuchukua mahali pa bulugamu, na mbwa watafungwa wakati wa kutaga. Jukwaa la mbao la wageni litangoja. Kilichobaki ni wanachama watatu wenye nepia ndani kabisa ya maji. Mmoja ni mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, na nepia hiyo ndiyo inayolipa karo. Kikundi kinatafuta mahali pengine pa kumpandia kabla ya kumwambia aondoke.