Je, Wajua? Simu Iko Mfukoni, Siri Ziko Mtaani

Je, wajua kwamba mwenye namba yako ya simu anaweza kulipata na jina lako? Anafanya kama anakutumia pesa, mtandao unamletea jina ahakiki, anaghairi. Hajatoa hata shilingi. Kwa hiyo mtu akikupigia ukiwa kwenye daladala la Kiseke, hapa Mwanza, na kukuita kwa jina la kwenye kitambulisho, usidhani ametoka makao makuu ya kampuni ya simu.

Je, wajua kinachovujisha siri Kiseke kuliko mdukuzi yeyote wa ng'ambo? Daftari la wakala. Limelazwa wazi juu ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi: jina, namba, kiasi, saini. Aliye nyuma yako kwenye foleni anasoma ya watu kumi kabla zamu yake haijafika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Ukimwomba wakala afunge daftari lake, unaomba haki, hujidai.

Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila kopi ya kitambulisho unayoiacha steshenari inatembea na habari hiyo. Sasa wahesabu mwenyewe wanaotumia mwaka wa kuzaliwa kama namba ya siri ya simu.

Na kwa nini namba hizo za siri zikawa za tarakimu nne? John Shepherd-Barron, aliyebuni mashine ya kutolea fedha iliyozinduliwa na benki ya Barclays pale Enfield, London, mwaka 1967, alisimulia kwamba yeye alitaka sita. Mkewe, Caroline, akamwambia anaweza kukumbuka nne tu. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000 tofauti. Ukichagua mwaka wako wa kuzaliwa, umemwachia mwizi zisizozidi mia za kubahatisha, na akikuangalia usoni anazipunguza tena.

Je, wajua kwamba "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" ni ujumbe wa matapeli usioandikwa kwa ajili yako peke yako? Ni kokoro, linaburuzwa na kuzoa chochote. Huku kwetu linanasa kwa sababu Kiseke imejaa wapangaji: ujumbe ukisema "mimi mwenye nyumba, ile kodi tuma huku" mwisho wa mwezi, kuna mtu alikuwa tayari ameshika simu alipe. Mpigie mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote, basi. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mara kwa mara kuwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu, kwa hiyo anayejiita mwenye nyumba wako huenda hajawahi kuliona hata Ziwa Victoria. Namba yake iripoti kwa kuituma kwenda 15040.

Piga *106# leo. Utaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu usajili wa alama za vidole uliokuwa na ukomo wa Januari 20, 2020, kidole ndiyo saini, na wapo wasajili wa chini ya mwavuli wanaosema "weka tena, haijasoma" huku imeshasoma. Laini ya pili inaenda kwa mtu mwingine. Akitapeli, polisi wanaanza na wewe. Neno la siri utalibadilisha, kidole hubadilishi.

Je, wajua kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni? Programu za aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako kabla ya kukupa hata elfu ishirini. Ukichelewa kulipa, mama mkwe anapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Kakopa mmoja, umefedheheka ukoo mzima.

Jirani zetu wameshaanza kutoza faini wanaotumia vibaya taarifa za watu. Septemba 2023 ofisi ya Kenya ya ulinzi wa data iliipiga faini shule ya Roma ya Uthiru, Nairobi, shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Wenye vituo vya chekechea wanaojaza Facebook picha za mahafali, mmesikia?

Tarakimu sita za WhatsApp zikiingia kwenye simu yako bila kuziomba, kuna mtu anajaribu kufungua akaunti yako kwenye simu yake. Atakuja kwa upole: "Samahani ndugu, nimekosea, nirudishie hizo tarakimu." Ukimpa, dakika chache baadaye kundi la kikoba linaombwa laki mbili kwa jina lako. Ingia kwenye mipangilio, washa uthibitishaji wa hatua mbili.