Kuta za depo zibebe vyepesi, chini kubebe vizito

Ndugu mfanyakazi, ukienda likizo nyumbani Isangi, kule mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, fungua depo ya jamaa utazame. Mara nyingi vitu vyote viko chini: majembe, mapanga, nyavu, mifuko ya mpunga, bidoni za mawese. Unyevu unaozesha, mchwa wanakula, mtoto anajikwaa kwenye panga. Kuta nazo ni tupu!

Fanya hivi:

1. Mifuko ikae juu ya mbao zilizoinuliwa, mbali kidogo na ukuta, hewa ipite.

2. Vizito vibaki chini. Bidoni ya mawese ya lita 20 ina kilo 18 hivi: usiipandishe kupita kiuno chako.

3. Vyepesi, kama vikapu na nyavu kavu, vipande juu. Rafu ifungwe kwenye nguzo za nyumba, si kwenye udongo wa ukuta.

4. Mapanga na majembe yatundikwe kwa misumari, makali yaelekee ukutani, mahali mtoto hafiki.

5. Esansi ya mota ya mtumbwi isikae humo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini mpaka kwenye moto.

Kumbuka: nyundo ikianguka kutoka mita 2 hufika chini kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa. Kazini kofia inakulinda. Nyumbani, mama watoto anaingia depo kichwa wazi.